Muulize Kuhusu Sanduku

Kwa karibu miaka miwili shule za sekondari za bweni nchini Kenya hazikupokea mono, yaani mwanafunzi mgeni wa mwaka wa kwanza. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani wao mwishoni mwa 2023, wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024, na nyuma yao mlango ukafungwa. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa unaondoka, na watoto wa mtaala mpya walikuwa bado sekondari msingi, wengi wao katika viwanja vilevile vya shule za msingi walikoanzia. Basi wale wa 2024 wakawa wadogo wa shule mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili wakabaki kuwa wadogo. Hawakuwa na wa kumtuma maji. Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipowasili sekondari pevu na masanduku yake, lilikikuta kidato cha tatu kikiwa bado hakijapata zamu.

Mpwa wangu yumo katika kundi hilo. Aliitwa shule moja ya wavulana huku Kisii, na mama yake, dada yangu, akaniomba niende naye mjini kununua vitu: sanduku la chuma, kufuli, godoro, ndoo, beseni. Tukiwa dukani akaniuliza, "Mjomba, ni kweli mono hupiga simu nyumbani kwa kiatu?" Aliuliza akicheka, lakini kufuli lile alikuwa amelifungua na kulifunga hata mwenye duka akaanza kumtazama.

Habari hizo alizipata kwetu. Huku Gusii hakupiti matanga wala mkutano wa mahari bila wanaume wa rika langu kukumbushana walivyoteswa kidato cha kwanza, kila mmoja akitaka mateso yake yashinde ya mwenzake, na watu wakicheka mpaka machozi. Watoto ndio wanaotuletea chai. Husikia kila neno, na wanachojifunza hapo ni kwamba mateso ni karo nyingine, isiyoandikwa kwenye barua ya wito, na kila mtu mzima aliyeketi pale aliilipa bila kulalamika.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1996, nikitokea upande wa Nyamira, kwenye majani chai, na kwenda shule moja ya bweni karibu na Kisii. Usiku wa kwanza tulipimishwa bweni kwa njiti za kiberiti. Tuliamriwa kupuliza balbu mpaka izime. Mwenzetu mmoja aliendesha matatu uvunguni mwa vitanda huku akiita abiria wa Keroka kwa sauti ya manamba, na aliigiza vizuri hivi kwamba hata mimi nilicheka. Watu wanapokumbuka uonevu wa shule huukumbuka usiku huo, kwa sababu unasimulika.

Kilichonimaliza mimi hakisimuliki. Godoro langu jipya liliondoka siku ya pili, likaja kipande cha sponji kilicholiwa na panya. Kijiko kikaenda, sahani ikafuata. Blu Bendi na sukari vilihamia sanduku la kijana wa kidato cha tatu ambaye alisema ananiwekea visiibwe, na akawa ananipimia kama dawa. Saa kumi alfajiri nilikuwa bombani na ndoo yake, katika baridi ile ya Kisii isiyoamini kwamba tuko karibu na ikweta, na maji yakikatika nilishuka mtoni. Nikichelewa niliitwa omoisia, mvulana ambaye hajatahiriwa. Kwa Mkisii aliyekwisha kupita jando, tusi hilo likitamkwa nyumbani huzua ngumi. Sisi tulilijibu, "Ndiyo, bwana."

Hakukuwa na siku moja kubwa ya kuieleza. Ndiyo maana nilipoandika barua nyumbani niliandika kuhusu hesabu na timu ya mpira.

Siku ya wageni walikuja Baba, Mama na Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa akiuza ndizi soko la Daraja Mbili. Mama aliniuliza kama ninasoma vizuri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama chakula kinatosha. Nikasema ndiyo. Baba alinitazama, akaona nimekonda, akasema, "Jikaze. Wewe ni omomura sasa." Omomura ni kijana aliyekwisha kutahiriwa. Kwa upande wao, habari ilikuwa imekwisha.

Shangazi alikuwa amebeba kuku na chapati. Akaniambia, "Leta sahani yako nikupakulie."

Nikanyamaza.

"Kijiko?"

Nikasema kimepotea.

"Blanketi lile la zambarau, lile nililolinunua mimi, umelitandika leo?" Mwanamke huyu alikuwa amekaa sokoni miaka mingi, na mtu akichukua mkungu wa ndizi zake alijua ni nani, saa ngapi, na amebakisha deni gani. Aliendelea bila kupandisha sauti. Godoro linalaliwa na nani? Ufunguo wa sanduku uko mfukoni mwa nani? Anaamka saa ngapi huyo, na anaoga maji ya nani? Kabla kuku hajapoa alikuwa amejua kila kitu, na mimi nilikuwa sijasema hata mara moja kwamba ninateseka.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, nikiwa mwalimu na sasa nikiwa mjomba wa watu. Mtoto anayeonewa ukimuuliza kama ana shida, unamtaka ajitangaze kuwa mnyonge mbele ya watu ambao maoni yao anayajali kuliko ya wote. Kijana wa miaka kumi na minne hawezi. Atakula sponji kwanza. Lakini ukimuuliza sahani iko wapi, unamtaka aseme sahani iko wapi tu. Jibu lake halina aibu ndani yake. Uonevu wa rika, katika shule nilizozijua, hukaa kwenye vitu na kwenye saa: godoro, mkate, foleni ya chakula, dakika kati ya prepu na kengele ya kulala. Anayetaka kuuona aanze huko.

Baba, aliposikia, alisimama aende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Shangazi akamzuia. Alisema mtoto ataitwa mbele ya gwaride leo, na sisi tutapanda gari, naye atalala hapa. Badala yake alimtafuta mlezi wa bweni, akaongea naye pembeni muda mfupi. Siku chache baadaye mwalimu yule aliingia bwenini na kutangaza kuna kunguni. Magodoro yote ya bweni zima yalitolewa nje juani, na wakati wa kuyarudisha kila mmoja akalitambua lake kwa jina lililoandikwa na mzazi wake. Hakuna aliyejua ni nani aliyesema. Sidhani kama kulikuwa na kunguni hata mmoja. Walimu wengi niliofanya nao kazi baadaye walikuwa na nia njema kuliko yule, lakini wachache walikuwa na werevu wake: alimwokoa mtoto mmoja kwa kuwagusa wote, na hakumwacha na jina la msaliti. Maji niliendelea kuchota. Lakini nililala, na mtoto aliyelala hustahimili mengi.

Mwenzangu mmoja hakuwa na shangazi wa namna hiyo. Muhula wa pili alitoroka usiku, akatembea kwa miguu hadi kwao ng'ambo ya milima ya Manga, akafika alfajiri miguu imevimba. Baba yake alimrudisha siku hiyohiyo. Wakati huo kiboko kilikuwa bado halali shuleni, kilipigwa marufuku mwaka 2001, na mwenzetu akachapwa mbele ya gwaride kwa kosa la kutoka bila ruhusa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anakimbia nini. Usiku akarudishwa kwenye kitanda kilekile, chini ya kijana yuleyule.

Mwaka uliofuata, mono wapya walipofika, aliyekuwa mkali kuliko sote ni yeye. Viranja wenyewe walimwambia apunguze. Alipoulizwa alijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia tena na tena tangu hapo, kwa wavulana na kwa wasichana: "Nasi tulifanyiwa." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayedai chenji yake. Ndiyo sababu nikisikia habari za kidato cha tatu kilichongoja tangu 2024, sifurahii kwamba mnyororo ulikatika miaka miwili. Anayengoja haki yake ya kuonea haisahau kwa kungojeshwa.

Wazee wengine husema haya ni mila zetu, kwamba hata vijana waliotoka kutahiriwa, wakiwa bado wametengwa ndani, walijaribiwa na waliowatangulia. Ni kweli walijaribiwa. Lakini siku ya kutoka ilijulikana tangu siku ya kuingia. Aliyekutisha usiku alikuwa mtoto wa jirani au wa ukoo, na wiki ijayo angekutana na baba yako njiani. Mipaka ilikuwepo, na wa kuilinda walikuwepo. Bweni la vijana mia mbili waliotoka kila pembe, wakilindwa usiku na mlinzi mmoja wa lango, halina lolote kati ya hayo. Mabweni yenye majina ya nyumba, viranja wenye mamlaka, wadogo kuwatumikia wakubwa, hayo hayakutoka kwa Mogusii. Yalikuja na shule za Waingereza, ambako mwanafunzi mdogo kumsafishia mkubwa viatu na kumpashia mkate moto kulikuwa desturi inayojulikana kwa jina. Sisi tuliipokea, tukaivika vazi la jando.

Nilikuwa kidato cha nne Mei 1999, habari zilipokuja kutoka Nyeri. Katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao cha kulala wakawamwagia petroli na kuwachoma. Wote wanne walikufa. Kwetu, wiki ile, viranja walilala kwa zamu. Mwalimu mkuu alituhutubia juu ya nidhamu, na nilimtazama kapteni wa bweni letu, kijana mpole kwa kweli, nikaona anaogopa watoto aliowapa amri asubuhi. Siwezi kusema yaliyotokea Nyeri yalitokana na jambo moja. Lakini niliondoka shuleni nikijua kwamba mfumo unaompa kijana wa miaka kumi na saba mamlaka juu ya usingizi na chakula cha wenzake unamweka yeye pia hatarini. Wala si jambo la shule za vijijini. Mwaka 2017 Alliance, shule ambayo imetoa mawaziri na majaji, ilikuwa kwenye magazeti kwa sababu wadogo walikuwa wakipigwa na wakubwa wao usiku.

Niliporudi Nyamira kufundisha, nilipelekwa shule ya kutwa, mojawapo ya zile nyingi zilizochipuka kila kata fedha za maendeleo ya maeneo bunge zilipoanza kutolewa. Nilidhani nimeliacha tatizo bwenini. Kumbe lilikuwa barabarani. Msichana mmoja, hodari wa Kiswahili, alianza kufika shuleni mapema mno, kabla hata ya mlinzi kufungua. Tulimsifu. Mwalimu mmoja alimtolea mfano. Hadi siku moja matroni wetu, mama wa makamo asiye na cheti chochote cha ushauri nasaha, alimuuliza swali la Shangazi wangu bila kumjua Shangazi: "Nyumbani unatoka saa ngapi, na kwa nini usipite na wenzako wa njia ya daraja?"

Wasichana wa daraja hawakumpiga. Walikuwa wamempa jina. Lilihusu viatu vya marehemu mama yake, ambavyo alikuwa akivivaa, na nisingependa kuliandika hapa. Waliliimba kila asubuhi, na mmoja wao alikuwa rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Wavulana huchukua vitu. Wasichana, kwa nilivyoona, mara nyingi huchukua watu: humwondolea mtu marafiki mmoja mmoja mpaka abaki peke yake katikati ya darasa lililojaa. Na hilo halina sahani ya kuuliza iko wapi, ila lina saa na lina njia.

Matroni hakuitisha baraza. Aliwachagua wasichana wawili wa kidato cha nne waliokaa njia hiyo ya daraja, wenye heshima yao, akawaambia kuanzia kesho mtatembea na huyu, na jina lile nisilisikie, nyinyi ndio nitakaowauliza. Wale wawili walivimba kwa jukumu hilo. Nilichojifunza ni kwamba mkubwa akipewa mdogo wa kumtunza, kwa jina na kwa hesabu ya kutoa, hupata ukubwa wake kwa njia nyingine. Mwenzangu aliyetoroka kwenda Manga angeweza kupewa hivyo alipofika kidato cha pili. Ujuzi alikuwa nao kuliko yeyote.

Baadaye nilisoma habari za Dan Olweus, mtafiti mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi yake Norway. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na ilielekea sababu ni kuonewa na wenzao. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima. Kazi ya Olweus ilipopimwa Bergen kwa wanafunzi wapatao 2,500, visa vilipungua karibu nusu. Nilitarajia mambo makubwa, nikakuta ya Daraja Mbili: wanafunzi waulizwe kwa karatasi zisizo na majina ni wapi na ni lini, watu wazima wasimame mahali hapo saa hiyo, sheria ziwe chache na zijulikane, mwonevu na wazazi wake waketishwe chini, kwa uzito, bila kelele.

Sasa kuna simu, na hilo limeongeza saa. Likizoni, kundi la WhatsApp la darasa humfuata mtoto hadi jikoni kwa nyanya yake. Kenya ina sheria ya makosa ya mitandao tangu 2018, na unyanyasaji umetajwa humo, kama vile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inavyokataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa mwili au wa akili. Nimewasomea wazazi vifungu hivyo mara nyingi. Hutikisa kichwa, kisha huniuliza, "Lakini mwalimu, nimfanyeje huyu wangu?"

Mpwa wangu sikumwambia ajikaze, wala sikumwambia aripoti kila kitu. Nilimwambia mkate unaweza kuugawa, hata ukiombwa kwa ubabe, na si kushindwa. Usingizi usiugawe. Mwili wako usiguswe na mtu kwa namna usiyoitaka, na hapo hakuna kungoja siku ya wageni. Tulimtafuta mtu mzima mmoja pale shuleni, mpishi anayetoka upande wetu, tukamsalimia pamoja ili uso wake na wa kijana zijuane. Na tulikubaliana kwamba nikimwona nitamuuliza habari za sanduku, naye atajua ninauliza nini.

Kisha kukawa na mkutano wa wazazi wa Gredi ya 10. Mzee mmoja, aliyesoma hapo zamani na sasa ana jina serikalini, alisimama akasema wasiwasi huu ni wa watoto wa siku hizi: wao walipitia, na wakawa watu. Watu wakapiga makofi kidogo. Mama mmoja aliyeketi nyuma, muuguzi kwa sare yake, akasema bila kusimama, "Ambao hawakuwa watu hawakualikwa hapa leo." Ukimya ukaingia. UNESCO ilipokusanya takwimu za dunia mwaka 2019 ilikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia, na mle ukumbini tulikuwa wazazi mia na zaidi.

Tulipata mambo mawili bila ubishi: Gredi ya 10 kulala katika bweni lao peke yao, na mwalimu wa zamu kuwa mahali pa kupakulia chakula mpaka wa mwisho apate sahani yake. Jambo la tatu lilikwama. Muuguzi yule alikumbusha kwamba kuna nambari ya watoto, 116, ambayo hupigwa bure nchini kote, saa zote. Mwalimu mkuu akasema anaijua, imebandikwa ubaoni. Mama akauliza mwanafunzi wa bweni ataipiga kwa simu ipi, maana simu zimepigwa marufuku na iliyopo iko ofisini, juu ya meza ya naibu wake. Akaomba iwekwe moja mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia bila kueleza anampigia nani.

Mwalimu mkuu alisema ombi hilo ni zuri na atalipeleka kwa bodi ya usimamizi. Bodi itakaa muhula wa pili.